Kiti cha Nyuma cha Fahali

Usiku ule wa kuamkia safari ya kwanza ya Fahali, nililala nimenuna. Nilinuna mpaka mto ukajua. Mama aliniletea chai ya tangawizi hadi mlangoni, nikasema sina kiu, akaiacha juu ya kigoda akaenda zake bila kubembeleza, maana mama anaujua wivu wangu kama anavyokijua kiasi cha chumvi jikoni kwake.

Fahali ni gari. Ni gari la Kimarekani la zamani, milango miwili, boneti ndefu, injini ya silinda nane, na usukani wake uko kushoto, si kulia kama magari yetu mengine. Injinia mmoja mgeni wa shamba la mkonge alilileta, likamshinda, akamwachia baba yetu, Fundi Athumani, aliyekuwa na gereji hapa Muheza kando ya barabara ya kwenda Tanga. Baba akalipa jina, akalifunika turubai, akasema ipo siku. Siku haikufika. Kuku walitaga kwenye viti vyake, kutu ikala sakafu, na mwaka juzi baba akafa bila kulisikia likinguruma.

Baada ya msiba, kaka yangu Shabani, ambaye naye ni fundi, alirudi kutoka Dar akasema tutalifufua. Tutalifufua! Yeye akachukua injini, gia na magurudumu. Mimi Hawa, ambaye kazi yangu ni kushona viti vya magari, nikaachiwa "mambo ya ndani," kana kwamba nimeambiwa nifagie. Nilikwangua mavi ya kuku, nikanyoosha springi moja moja, nikashona viti upya kwa ngozi ya bandia nyeusi, na mishono nikaitia uzi wa rangi ya damu ya mzee ili ifanane na rangi ya nje. Vidole vyangu vina alama za sindano mpaka leo. Siku injini ilipowaka mara ya kwanza bandani, majirani walijaa, mama akapiga vigelegele, na kila mtu alimshika Shabani mkono. Hakuna aliyeingiza kichwa ndani akatazama viti. Nilisimama pale na kopo langu la gundi nikitabasamu kwa meno tu.

Hayo ningeyavumilia. Kilichoniuma ni nafasi yangu.

Katika gereji ya baba, kila gari lililofufuliwa lilikuwa na safari ya kwanza, na safari hiyo ilikuwa na adabu yake. Hakuna kusema. Mmoja anashika usukani. Mwingine anakaa nyuma, amefumba macho, kiganja kiko sakafuni, analisikiliza gari. Baba mwenyewe alikuwa akikaa mbele kando ya dereva, kimya kama wengine. Tangu miguu ya Shabani ilipofikia pedeli, usukani ukawa wake na nyuma pakawa pangu. Nililia. Nilisusa kula. Nilimwomba baba anipe usukani japo mara moja, hata hadi kwenye kona tu, akasema, "Kaa nyuma, mwanangu. Sikiliza." Tukisharudi aliniuliza nimesikia nini, nami nikamwambia: kulia nyuma kuna kitu kinasugua, au, gia ya tatu inalalamika. Aliitikia kwa kichwa. Halafu akashuka, akazunguka boneti mpaka dirisha la dereva, akainama, akamnong'oneza Shabani sikioni. Alinong'ona kwa muda mrefu. Mimi kutoka nyuma niliona mgongo wake tu.

Mimi hakuwahi kuninong'oneza. Hilo ndilo donge langu. Nimelibeba tangu utotoni na sioni haya kulitaja. Nilijua kwamba kuna mambo ya ufundi wanapeana wao wawili, mambo makubwa, ambayo mtoto wa kike wa kiti cha nyuma hayamhusu. Na Shabani naye alijiona. Nyumbani tukila alikuwa na mahali pake pa kukaa mkekani, pembeni kabisa, ukuta ukiwa kushoto kwake, na mgeni akikaa pale anainuliwa. Ukimsemesha mara nyingine anakupuuza kama bwana mkubwa. Wote walisema ni mtu wa fikra nyingi. Mimi nilisema ni kiburi.

Sasa jioni ile, tulipolisukuma Fahali kinyumenyume kutoka bandani ili lilale uani, nikasikia kitu. Gurudumu la mbele, la kushoto. Kila likimaliza mzunguko: tik. Sauti ndogo, kama mtu anayegonga jino kwa ukucha. Shabani alikuwa upande uleule, gari likiwa kushoto kwake, ameshika nguzo ya mlango anasukuma, na hata uso hakuukunja. Nikafungua mdomo nimwambie. Hapo hapo akasema, "Kesho mama atakaa mbele. Nyuma tutaweka gunia la machungwa la shangazi." Shangazi yetu, dada yake baba, anakaa Pongwe, na huko ndiko safari ya kwanza ilikopangwa kwenda.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe panda basi, Hawa. Tutakutana huko."

"Na gari nani atalisikiliza?"

Akacheka. "Hayo yalikuwa mambo ya mzee. Kila nati nimeifunga kwa mkono wangu."

Nikaufunga mdomo. Kiti nilichokishona kwa vidole hivi, nafasi niliyolazimishwa kukaa utoto wangu wote, sasa nilipoitaka imepewa machungwa. Nikasema moyoni, haya, machungwa na yakuambie. Nikaingia ndani, nikakataa chai, nikalala.

Ikawa jua.

Sijui lilitoka wapi, lilikuwa jua la asubuhi iliyokwisha kukomaa, na mimi niko gerejini, milango yote wazi. Kwenye cherehani yangu amekaa baba. Hakukaa kwenye benchi lake la spana, alikaa kwenye cherehani yangu. Amevaa ovaroli yake ya bluu, ile iliyokosa kifungo cha juu, miwani imeshuka hadi puani, na anapitisha kidole kwenye mshono wa ngozi nyeusi, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Sikushangaa. Ndotoni mtu hashangai, anakumbuka tu kwamba alikuwa anamngoja fulani. Nikataka kumwamkia, shikamoo haikutoka, na yeye akaweka kidole mdomoni. Nikaelewa. Ni safari ya kwanza, hakuna kusema.

Tukatoka nje. Fahali liko uani, linang'aa, linanguruma, na kwenye usukani yupo Shabani. Lakini ni mtoto. Ni Shabani wa darasa la pili, kaptula ya kaki, magoti yana vumbi, na sikio lake la kushoto limejazwa pamba nyeupe. Miguu yake inaning'inia, haifiki popote. Nikasema: hata leo! Hata akiwa hafikii pedeli, ni yeye! Joto likanipanda kifuani likafika shingoni. Maana mimi sikuwa mtoto. Nilikuwa na umri wangu huu na vidole vyangu vya sindano, na bado nilijua bila kuambiwa kwamba napangiwa nyuma.

Baba anamwendea dirishani, upande wa kushoto, upande wa usukani. Anainama, ananong'ona. Mtoto hageuki. Baba ananong'ona tena. Mtoto anatazama mbele na kuichekea barabara. Baba ananitazama mimi, kama mtu anayetaka nishuhudie jambo, kisha anaizunguka boneti polepole, kiganja kikipapasa bati, mpaka dirisha la kulia. Anaingiza kichwa. Ananong'ona. Mtoto anageuka mara moja na uso wote unachangamka.

Na mimi nauona mgongo tu. Mgongo uleule. Nikataka kuishika ile ovaroli kwa nyuma niivute, niseme niambie na mimi, niambie na mimi, lakini mkono wangu ulipofika pale ulishika ubao wa benchi.

Tuko kwenye ukumbi mrefu unaonuka dawa, ukuta nusu kijani nusu nyeupe. Mama amekaa kwenye benchi, ni kijana, mwembamba, na mgongoni amefunga kitoto kwa kanga. Nakijua kitoto kile, ni mimi. Shabani amelala mapajani mwake, anatetemeka kwa homa, na pamba ya sikioni imelowa. Daktari amekwisha kusema aliyoyasema akaondoka. Mlango bado unacheza. Mama analia bila kutoa sauti. Baba, kofia mkononi, anachuchumaa mbele yake.

"Asijue mtu," anasema. "Wenzake watamcheka. Hata mdogo wake asijue."

Kile kitoto mgongoni kina macho wazi, kinamtazama.

Ningependa kusema kwamba nilimwonea kaka yangu huruma. Jambo la kwanza nililoliwaza ni kwamba hata siku ile, hata mimi nikiwa sijaota meno, walikuwa wamemwinamia yeye.

Halafu kuna kiti chini yangu, na nakijua kwa mishono yake. Tunakwenda. Nimefumba macho, kiganja kiko sakafuni, upepo unaingia na harufu ya mkonge uliokatwa. Kiti kinabonyea kando yangu. Hakuna aliyewahi kukaa nyuma pamoja nami. Sikufumbua macho, sikuwa na haja. Ilikuwa harufu ya petroli na sabuni ya mche. Baba amekuja kukaa nyuma. Maisha yangu yote niliitaka siku hiyo, na ilipokuja nikaikuta hasira imefika kabla yangu.

"Ungeniambia," nikasema. Ndiyo, niliuvunja ukimya. "Miaka yote hiyo, baba, ungeniambia."

Aliushika mkono wangu uliokuwa sakafuni, akauweka sawa, vidole vimetanuka, kama alivyonifundisha zamani. Mkono wake ulikuwa mzito na haukuwa na joto. Chini ya kiganja changu nikalisikia. Tik. Tik. Tik.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Na umenyamaza."

Hakuwa anauliza. Nikafumbua macho. Mbele yangu kisogo cha mama, mtandio wake wa safari, chupa yake ya marashi mkononi. Kwenye usukani kisogo cha Shabani, Shabani wa leo, mvi zimeanza. Na nje ya dirisha la kushoto naliona gurudumu linatupita. Liko peke yake, linakimbia mbele yetu barabarani, linarukaruka kama mwanambuzi, linakata kona, linaingia kwenye mkonge na kupotea. Gari bado halijajua. Mama bado anavuta mtandio wake.

"Kaka!" naita. Hageuki. "Kaka Shabani!"

Baba ananiegemea. Sasa midomo yake iko sikioni mwangu, ndevu zake zinanichoma shavuni, na mimi, mtu mzima mwenye cherehani yangu, natulia tuli kama mtoto anayekatwa kucha. Nilidhani maneno yale, siku yakinifikia, yatakuwa mengi.

"Mwambie upande wa kulia," ananong'ona.

Nikaamka.

Nje kulikuwa kumepambazuka, na Fahali lilikuwa linanguruma kweli. Chai ya mama ilikuwa bado juu ya kigoda, imeota utando. Nikajifunga kanga, nikatoka bila viatu. Mama alikuwa amekwisha kunyunyiza marashi kwenye magurudumu, harufu imejaa ua mzima, na sasa alikuwa amekaa mbele, mtandio uleule. Nyuma, juu ya mishono yangu, limekaa gunia. Shabani alikuwa ameshaachia breki na gari linakwenda taratibu kuelekea lango.

Nililikimbilia dirisha lake, la kushoto. "Kaka, simama!" Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuyaona matone ya jasho nyuma ya sikio lake. "Kaka!"

Hakugeuka. Alikuwa anatabasamu, anatazama mbele, anaichekea barabara.

Siku nyingine yoyote ningejua la kusema. Ningesema kiburi, ningerudi ndani nikabamiza mlango, na nisingejali lango, barabara, wala Pongwe. Nilikaribia kufanya hivyo. Miguu ilikwisha kugeuka. Halafu nikauona ule mkeka wetu, ukuta ukiwa kushoto kwake, na sisi sote tumepangwa kulia. Nikapita mbele ya boneti mbiombio, kiganja kikipapasa bati, nikaingiza kichwa kwenye dirisha la mama.

"Kaka. Simama."

Akageuka mara moja. Gari likasimama.

"Gurudumu la mbele kushoto," nikasema. "Linagonga tangu jana. Nilisikia nikanyamaza."

Hakuniuliza kwa nini nilinyamaza. Alileta jeki, akalinyanyua gari, akatoa gurudumu, akafungua kifuniko cha katikati. Ndani kuna nati kubwa inayoshika kila kitu, na katika nati hiyo hupitishwa pini ndogo ili isijifungue njiani. Pini haikuwapo. Aliisahau. Akaishika nati kwa vidole viwili, akaizungusha, ikaja yenyewe kama kizibo cha chupa. Akakaa chini palepale mchangani, nati kiganjani, akamtazama mama aliyekuwa bado ndani ya gari.

Mama alinitazama mimi. Alikuwa ameniona nilivyozunguka. "Hawa," akasema polepole, "nani kakwambia?"

"Baba."

Akafumba macho kidogo, akaishika ile chupa ya marashi kwa mikono miwili.

Shabani alitafuta pini, akaipitisha, akazipinda ncha zake kwa koleo, akarudisha gurudumu. Mimi nilichuchumaa upande wake wa kulia. Sijui kama aliona kwamba nimechagua upande. Nadhani aliona, kwa sababu mikono yake ilisita.

"Kaka," nikasema. "Zile siku tukirudi, baba akizunguka hadi dirishani kwako. Alikuwa akikunong'oneza nini?"

Alifuta mikono kwa tambara, akaifuta tena ingawa ilikuwa imekwisha kuwa safi. "Hujui?"

"Ningejuaje? Mlikuwa wawili."

"Alikuwa ananiambia ulichosikia wewe," akasema. "Kulia nyuma kuna kitu kinasugua. Gia ya tatu inalalamika. Neno kwa neno kama ulivyosema. Kisha ananiambia, aliyesikia ni mdogo wako, usibishe, fungua."

Nilitaka kulia, nikaona haya mbele ya gari. Nikamwambia jana ulibisha. Akasema ndiyo, jana nilibisha. Kisha akainuka, akalitoa gunia la machungwa kwenye kiti cha nyuma akalitupa kwenye buti, na akapangusa kiti kwa kiganja, polepole, akiufuata mshono, kana kwamba ndiyo kwanza anauona.

Nikapanda. Nikakaa upande wa kulia, nyuma ya mama, nikaweka kiganja sakafuni. Wivu haukuniisha, nisiwadanganye. Mtu haachi kitu alichokaa nacho tangu utotoni kwa sababu ya ndoto moja. Gari likatoka langoni, likashika lami, na chini ya kiganja changu sakafu ilikuwa kimya kabisa. Hapo nikauvunja mwiko wa baba kwa mara ya pili. Nikainama mbele, katikati ya viti viwili, nikamsemea Shabani kwenye sikio la kulia, ili baadaye asije akadai hakusikia:

"Kurudi naendesha mimi."